Tuhuma, Jina na Baraza katika Fasihi ya Kiswahili: Kutoka Liyongo hadi Rosa

Utangulizi

Waswahili husema: Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Methali hii imezoeleka kutumiwa kumwonya mtu anayekana habari zinazovuma juu yake. Ikichunguzwa kwa makini, hata hivyo, huonekana kuwa ina sehemu mbili zisizolingana. Sehemu ya kwanza inaufanya uvumi kuwa ushahidi: jambo limesemwa, basi lipo. Sehemu ya pili ni nzito zaidi, kwani inakubali kwamba jambo laweza kuwa halipo wakati linaposemwa, kisha likaja. Methali haielezi ni nani anayelileta. Swali hilo limeachiwa watungaji wa tenzi na hadithi, nao wamelijibu kwa namna mbalimbali.

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya tuhuma ya uwongo na kuharibika kwa jina katika maandishi manne: Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952), vitabu vya Shaaban Robert, na Rosa Mistika (1971), riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Hoja inayotolewa ina pande mbili. Kwanza, katika maandishi haya tuhuma ya uwongo haijengwi juu ya uwongo mtupu. Hujengwa juu ya tendo la kweli lililoondolewa sababu yake. Pili, ukweli peke yake haumwokoi mtuhumiwa. Kinachomwokoa, pale anapookoka, ni kupata mahali pa kuirudisha ile sababu iliyoondolewa. Mahali hapo hapa pataitwa baraza, kwa maana ya mkutano ambamo mtu husikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Kutuhumu na kusingizia

Yafaa kwanza kutenganisha maneno mawili ambayo wahakiki wengi huyatumia kana kwamba ni mamoja. Kusingizia ni kumzulia mtu jambo ambalo msemaji mwenyewe anajua kuwa halipo. Kitenzi hiki kinahitaji mwongo. Kutuhumu hakuhitaji mwongo. Mwenye kutuhumu aweza kuwa mkweli kabisa katika aliyoyaona na bado akakosea katika aliyoyadhani. Ndiyo maana mtu aliyesingiziwa hujitetea kwa kukana, na utetezi wake ni mwepesi kueleweka: sikufanya. Mtu aliyetuhumiwa aghalabu hana njia hiyo. Tendo amelitenda, na watu wamemwona. Akikana atakuwa mwongo, na akikiri atakuwa amejihukumu. Hana budi kupewa nafasi ya kusema zaidi ya ndiyo na siyo.

Tofauti hii ni ufunguo wa maandishi yanayochunguzwa hapa. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuwagawa wahusika katika wema na waovu, na hasa wahusika wa Shaaban Robert, ambao majina yao yenyewe yanatangaza tabia zao. Mgawanyo huo unatosha pale palipo na msingiziaji. Hautoshi pale ambapo shahidi ni mwaminifu na mshtakiwa pia ni mwaminifu, na kosa limo katika nafasi iliyo baina ya jicho la mmoja na moyo wa mwingine.

Liyongo: jina lisilokuwa na baraza

Katika utenzi wa Kijumwa, Liyongo ni shujaa mwenye nguvu zisizo na kifani. Wagala wanapomwona wanastaajabu, na wanamtaka kwa Sultani wa Pate awazalie mbegu ya mashujaa. Liyongo anaozwa mke wa Kigala na kupata mtoto wa kiume. Hapo ndipo hofu ya Sultani inapozidi: mtu anayesifiwa na wageni na wenyeji kiasi hiki hakosi kuwa na nia ya kuutwaa ufalme.

Msomaji akiufuata utenzi huu kwa utaratibu ataona kwamba Sultani hana tendo lolote la uasi la kumshtaki nalo Liyongo. Alilo nalo ni jambo la kweli, yaani nguvu za Liyongo na sifa zake. Nia ndiyo iliyotiwa na mwenye kutuhumu. Hakuna mahali ambapo Liyongo anaitwa mbele ya watu akaulizwa. Mambo yote yanatendeka kwa siri. Watu wa mwituni wanapewa ahadi ya fedha ili wamuue walipokuwa wakipanda mikoma kwa zamu, naye Liyongo anaokoka kwa kuangusha makoma kwa mishale badala ya kupanda mti. Baadaye anatiwa gerezani bila ya hukumu iliyosomwa hadharani. Anatoka kwa hila ya mama yake na kijakazi Saada, kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, huku ngoma ya gungu ikizifunika sauti za kukata pingu. Mwishowe mtoto wake mwenyewe anarubuniwa, naye anamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba.

Ni jambo la kuzingatia kwamba mtu huyu, ambaye mapokeo yanamtambua pia kuwa mshairi mkubwa, hapewi hata mara moja fursa ya kulitumia neno lake kujitetea mbele ya mwenye kumtuhumu. Nyimbo zake zinamtoa gerezani, lakini hazimtoi katika tuhuma. Hata kifo chake kinamkuta amepiga goti, upinde mkononi, karibu na kisima, na watu kwa siku kadhaa wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Amekufa, na bado anatuhumiwa.

Jina la Liyongo lenyewe lina historia yake. Edward Steere alipochapisha masimulizi ya nathari juu ya Liyongo mwaka 1870, masimulizi hayo yalimweleza kuwa mtu mwenye nguvu katika mji wa Shanga aliyewaudhi mno watu, hata wakafanya shauri la kumfunga. Katika masimulizi mengine ya pwani anatajwa kuwa mshindani wa kweli katika kugombea utawala. Utenzi wa 1913 unamwonyesha kwa sura tofauti: hapa yeye ndiye anayeonewa, na Sultani ndiye mwenye hofu isiyo na msingi. Mtaalamu wa historia hawezi kuutumia utenzi kuthibitisha kwamba Liyongo hakuwa na nia ya ufalme, wala hawezi kuyatumia masimulizi ya Steere kuthibitisha kwamba alikuwa mwonevu. Lililo wazi ni kwamba jina lake liliendelea kujadiliwa muda mrefu baada ya kifo chake, na kwamba utenzi ulimpa mbele ya wasikilizaji wa Lamu kile ambacho ndani ya kisa hakukipata, yaani mtu wa kusema kwa ajili yake.

Shaaban Robert: baraza linapofunguliwa

Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Kwa hiyo aliijua kwa karibu nguvu ya jalada na taarifa, na aliijua nafasi ya mtu mdogo ambaye wakubwa wake wanazungumza juu yake asipokuwapo. Kusadikika ilipotolewa mwaka 1951, nchi hiyo ilikuwa bado chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa ikitawaliwa na Waingereza, na chama cha TANU kilikuwa hakijaundwa. Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hicho kama fumbo la utawala wa kikoloni. Usomaji huo una haki yake, lakini umeelekea kuufunika muundo wa kisa chenyewe, ambao tangu mwanzo hadi mwisho ni kesi moja.

Mshtakiwa ni Karama na mshtaki ni Waziri Majivuno. Karama anashtakiwa kwamba anafundisha watu elimu ya sheria, na jambo hilo linaitwa hatari kwa dola. Yafaa kuzingatia namna shtaka lilivyoundwa. Karama hakusingiziwa tendo, kwa maana kufundisha alifundisha. Kilichotendeka ni kwamba tendo la kweli limepewa jina lisilokuwa lake. Kufundisha sheria kumeitwa uhaini. Hivyo, kazi ya mshtakiwa si kukana bali ni kubadili jina la tendo, na kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa neno moja.

Ndiyo sababu utetezi wa Karama unakuwa mrefu kiasi cha kuwa ndio kitabu chenyewe. Siku baada ya siku anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande zote nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, wakaleta mashauri ya kuinufaisha nchi. Malipo yao yalikuwa kifungo. Kwa mtazamo wa juujuu, masimulizi haya yanaonekana kuwa nje ya shtaka. Kwa kweli ndiyo moyo wa utetezi. Karama anaonyesha kwamba tuhuma inayomkabili si ajali bali ni mazoea: kila aliyeleta jambo jipya aliitwa adui. Anapoyasafisha majina ya waliotangulia ndipo jina lake linapopata mahali pa kusimama. Mfalme anasikiliza, Karama anaachiliwa, na wafungwa wanafunguliwa.

Imesemwa mara nyingi kwamba mwisho huu ni mwepesi mno, kwamba mwandishi anautegemea moyo mwema wa mfalme badala ya kuonyesha mageuzi katika mfumo wa utawala. Lawama hiyo haiwezi kutupwa. Lakini mwisho wa Kusadikika si wa furaha tupu. Wajumbe wanarudishiwa uhuru. Hawarudishiwi miaka, wala nchi hairudishiwi manufaa ambayo ingeyapata kama ingewasikiliza siku walipofika. Baraza lililochelewa limewaokoa watu, halikuuokoa wakati. Msomaji anayeona urahisi tu katika hitimisho hilo hajahesabu hasara iliyotajwa ndani yake.

Mwaka mmoja baadaye, katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert aliirudia hoja hiyo kwa namna iliyo safi zaidi, kwani humu mwenye kutoa taarifa si mwovu. Kisa hiki, ambacho asili yake ni masimulizi ya Alfu Lela U Lela, kinahusu liwali wa Janibu aitwaye Adili. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anafika Janibu kwa shughuli za kodi na kuona kwa macho yake Adili akiwapiga manyani wawili kwa mjeledi usiku. Anaporudi anamweleza mfalme. Ikibali hakuongeza neno. Manyani walipigwa, na aliyewapiga ni Adili. Kwa ushahidi huo mtu aliyejulikana kwa uadilifu anageuka kuwa mkatili anayejificha gizani.

Mfalme Rai angeweza kuhukumu, maana ushahidi ulikuwa kamili. Badala yake anamwita Adili na manyani wake, naye anauliza sababu. Ndipo inapofahamika kwamba manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake Adili, waliomtosa baharini kwa husuda, wakageuzwa na Huria, binti wa kijini, ambaye alimwamuru Adili awapige kila usiku. Mpigaji anaumia kuliko wapigwao. Tendo halikubadilika hata kidogo, kilichobadilika ni sababu. Kama pangekuwa na haja ya mfano mmoja wa kuonyesha kwamba tuhuma yaweza kuwa ya uwongo pasipo mwongo hata mmoja, mfano huo ni Ikibali.

Kwamba suala la kuyapa matendo majina halikuwa la kubuni tu lilikuja kuonekana katika historia ya fasihi ya Kiswahili yenyewe. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi chenye anwani iliyo swali, Kenya Twendapi? Kuandika aliandika. Lakini kuuliza kuliitwa uchochezi, kama vile katika Kusadikika kufundisha kulivyoitwa uhaini. Mashairi aliyoyatunga kizuizini yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la Rais ambaye mshairi alifungwa chini ya utawala wake. Wasomaji walikuwa wamefungua baraza ambalo mahakama haikulifungua.

Bwana Msa: tuhuma inapokuwa kazi

Kati ya Shaaban Robert na Kezilahabi hapana budi kumtaja Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda katika mashindano ya uandishi ya 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, iliingiza riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Kwa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, tuhuma si dhambi wala msiba, bali ni chombo cha kazi. Kila mtu hushukiwa kwa muda, kisha hutolewa katika orodha kadiri ushahidi unavyopatikana. Bwana Msa haukubali uvumi, wa watu wala wa mizimu, mpaka uthibitishwe.

Hapa mzigo umehamishwa. Katika Kusadikika mtuhumiwa hujieleza mwenyewe. Katika riwaya za Bwana Msa kuna mtu mwingine ambaye kazi yake ni kuutafuta ukweli kwa niaba ya wote, na aliyeshukiwa bure husafishwa hata asipokuwa na ufasaha wa kujitetea. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, riwaya ya upelelezi inadhania kwamba jina lililoshukiwa Jumatatu na kusafishwa Ijumaa hurudi lilivyokuwa. Dhana hiyo ndiyo ambayo Kezilahabi aliikataa.

Rosa: tuhuma inayozaa

Rosa Mistika ilichapishwa Nairobi mwaka 1971. Mandhari yake ya mwanzo ni kisiwa cha Ukerewe, katika nyumba ya Zakaria, baba mlevi na mkali. Kijana Charles anamwandikia barua binti yake Rosa. Barua inafika mikononi mwa baba, na Rosa anapigwa vibaya.

Msingi wa tuhuma ni ule ule uliokwisha kuonekana. Barua ipo, si ya kuzuliwa. Lakini barua ni tendo la aliyeiandika, si la aliyeandikiwa. Zakaria analihamisha tendo kutoka kwa Charles na kumtwisha Rosa, kisha anamwadhibu kwa nia ambayo hakuiuliza. Tofauti na Rai, yeye ndiye shahidi, ndiye mshtaki na ndiye hakimu, na nyumba yake haina baraza. Sebule ya baba imekuwa kama jumba la Sultani wa Pate. Mama anaona, lakini hana sauti ya kuweza kuzuia mkono.

Kisha Kezilahabi anafanya jambo ambalo halipatikani katika maandishi yaliyotangulia. Rosa aliyelelewa kwa vitisho anakuwa kwanza mwoga wa wavulana. Anapokuwa shuleni, mbali na jicho la baba, ulinzi uliotoka nje yake unaanguka, na ndani yake hakukuwa kumejengwa kitu cha kuushika mahali pake. Anaingia katika maisha yale yale aliyotuhumiwa kabla hajayajua. Baadaye anapojaribu kurudi katika mwenendo mwema na kutaka kuolewa, mambo yaliyopita yanamfuata, mchumba anamwacha, naye anajiua.

Aweza kutokea msomaji akasema kwamba Zakaria basi alikuwa na haki, kwa kuwa aliyoyaogopa yalitokea. Hoja hiyo inasahau mpangilio wa wakati. Siku Rosa alipopigwa, jambo lilikuwa halipo. Lilikuwa njiani, kama methali isemavyo, na riwaya inamwonyesha msomaji aliyelisukuma. Tuhuma ya Sultani ilimuua asiye na hatia. Tuhuma ya Zakaria ilimwondolea mtu hatia yake ya kutokuwa na hatia, ikamfanya afanane na jina alilopewa. Kwa hiyo Rosa hawezi kuokolewa kwa njia ya Adili, maana siku atakapoulizwa hatakuwa na sababu ya kuonyesha isipokuwa kipigo cha utotoni, na hakuna anayeuliza mbali kiasi hicho.

Hitimisho

Maandishi haya yakitazamwa pamoja yanaonyesha kwamba fasihi ya Kiswahili haikulishughulikia suala la tuhuma kama suala la wema na uovu tu. Imelishughulikia pia kama suala la mahali. Liyongo hana mahali pa kujibu, na jina lake linasubiri utenzi. Karama na Adili wanapata mahali, na wanasalimika, ingawa wajumbe sita walikwisha kupoteza umri wao. Rosa hana mahali, na kwa kukosa mahali anapoteza hata ule ukweli ambao angeusema.

Historia iliongeza jambo moja juu ya riwaya ya Kezilahabi. Baada ya kutolewa, kitabu chenyewe kilituhumiwa kuwa kinaharibu maadili, na kikapigwa marufuku katika shule za Tanzania. Kwa mara nyingine tena msingi wa tuhuma ulikuwa wa kweli: mambo ya aibu yametajwa humo. Kilichoondolewa ni sababu ya kutajwa kwake. Kitabu kilichoandikwa kuonya juu ya baba anayepiga kabla ya kuuliza kilipigwa kabla ya kuulizwa. Baadaye kilirudi, kikasomwa na kufundishwa, na leo hakuna orodha ya maana ya riwaya za Kiswahili inayoweza kukiacha.

Kilichokirudisha ni wasomaji waliokifungua, wakaulizana juu yake mstari kwa mstari, na walimu waliokubali kwamba tendo lililomo ndani ya hadithi halina maana kamili mpaka sababu yake isikilizwe. Katika kisa hicho darasa lilifanya kazi ya baraza. Kazi hiyo haikumfaa Rosa, ambaye amekwisha kufa kila kitabu kinapofungwa, lakini yaweza kumfaa mwanafunzi anayeketi nyuma darasani akiwa na barua ambayo hakuiandika yeye.